Mafundi na wauza vifaa, termineta SI kifuniko cha vumbi!

Wakuu salaam. Nina hasira, mnivumilie. Termineta ni kile kidude kinachofungwa mwisho wa kebo ya TV, chenye rizista (kipande cha kukinza umeme) ndani, ili mawimbi yaishie hapo.

Wiki tatu nzima chaneli mbili zimekuwa zikiganda kwenye TV za ghorofa ya chini. Mbili tu. Nyingine zote safi kabisa. Fundi wa kwanza akasema antena imechoka, tukabadilisha. Wa pili akasema busta, tukabadilisha. Wa tatu akakishika king'amuzi, akatikisa kichwa kama anatoa habari za msiba: "Hiki kimekwisha." Hakuna hata mmoja aliyejisumbua kufuata kebo mpaka mwisho wa laini aone tepu ya mwisho (kile kigawio kinachochota mawimbi kwenye laini kuyapeleka kwenye TV) imefungwa na nini.

Nikaenda mwenyewe. Nikakuta kidude cha rangi ya fedha, kina nyuzi zake, kina pini yake ya kati, ukikiona unaapa ni termineta. Nikakifungua, nikaweka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani), ncha moja kwenye pini, nyingine kwenye ganda. Kimya. Nikadhani mita imekufa, nikagusanisha ncha zenyewe kwa zenyewe: sifuri, mita nzima. Nikapima tena. Kimya. Nikakiminya kwa koleo kikapasuka. Ndani plastiki nyeupe na hewa. Rizista HAMNA. Nimeuziwa kifuniko kwa jina la termineta!

Kwa ambao bado wanaona nakuza mambo: kebo ya koaksia ya TV imetengenezwa kwa omu 75. Hizo 75 huzipati kwa kupima waya mtupu na mita. Ni uwiano wa volti na mkondo wa mawimbi yanaposafiri ndani ya kebo. Yakifika mwisho yakakuta rizista ya omu 75, yanaishia hapo, yanageuka joto dogo usiloweza hata kulihisi. Yakikuta hewa, yanarudi yalikotoka na kugongana na yanayokuja. Kwenye masafa (frikwensi za chaneli) fulani yanaongezeana nguvu, kwenye masafa mengine yanauana, kutegemea urefu wa kebo. Ndiyo maana zilikufa chaneli mbili na si zote! Enzi za analogi ungeona kivuli pembeni ya kila sura, ukajua mara moja. Dijitali haikupi kivuli, inaganda tu, halafu fundi analaumu king'amuzi.

Niwe mkweli, tundu moja tupu kwenye splita nzuri (kigawanyio cha kebo moja kwenda TV kadhaa) mara nyingi halileti shida ya kuonekana, kwa sababu splita yenyewe inatenga matundu yake. Mwisho wa laini ya matepu ni habari nyingine kabisa. Pale hapana mjadala.

Basi nikarudi dukani na vipande vyangu mkononi. Muuzaji hata hakuvitazama. Akanipa termineta ya BNC, aina nyingine ya kiungio, pamoja na adapta, "hii original bosi." Nikaigeuza ubavuni: 50. Namwambia yangu ni 75, ananijibu zote ni termineta. Zote ni termineta! Kama vile viatu vyote ni viatu. Omu 50 ni za redio za mawasiliano na vifaa vya maabara, 75 ni za TV na kamera. Ukifunga 50 kwenye kebo ya 75, asilimia 20 ya volti inarudi, ambayo ni asilimia 4 ya nguvu. Ndiyo, afadhali hiyo kuliko hewa inayorudisha kila kitu. Lakini mimi nilihitaji 75, na hapo sijaitaja adapta, ambayo ni kiungo kingine cha kulegea.

Wazee wa mitandao ya zamani wananielewa. Zile za 10BASE2, kompyuta za ofisi zikiunganishwa kwa laini moja ya koaksia, kebo ya RG-58, mita 185 kwa kipande, termineta ya omu 50 kila mwisho. Mtu akifungua moja, ofisi nzima inasimama. Ukipima katikati ya laini mashine zikiwa zimezimwa unapata kama omu 25, kwa sababu hizo 50 mbili ziko sambamba. Watu wale walikiheshimu hiki kidude, maana kiliwatesa.

Sijamaliza. Fundi huyohuyo wa pili alikuwa amefunga termineta ya kawaida kwenye splita ya dishi, tundu linalopitisha umeme wa kwenda LNB, kile kichwa cha kwenye dishi. Niliigusa, ya moto, nikakimbiza kidole mdomoni. Pigeni hesabu: volti 18 kwa omu 75 ni ampea 0.24, yaani zaidi ya wati 4 kwenye karizista ka robo wati. Tundu la namna ile linataka termineta yenye kapasita ndani, inayozuia umeme wa DC na kuacha mawimbi yapite kwenda kwenye rizista.

Na hapa ndipo hasira yangu inapochemka. Ile yenye kapasita, ukiipima kwa omu, mita inakaa kimya vilevile kama kifuniko cha vumbi! Kwa hiyo kabla hamjaja kuniambia "labda yako ilikuwa na kapasita mkuu," nilishawaza hilo, ndiyo maana nikashika koleo. Mita yenye kipimo cha kapasita ingenisaidia, lakini ni wateja wangapi wanayo? Mteja anategemea maandishi ubavuni: omu ngapi, wati ngapi, inazuia DC au la. Vile nilivyouziwa havina hata herufi moja. Halafu vimechanganywa kwenye bakuli moja na vifuniko.

Hatimaye nimepata ya F, kiungio cha kawaida cha kebo ya TV, imeandikwa 75, mita ikasoma 75.2. Nikaikaza kwenye tepu ya mwisho, nikapanda juu, nikawasha. Chaneli zote mbili zinacheza, tena kwenye kilekile king'amuzi "kilichokwisha." Kile kipya nilichoshauriwa kununua kiko ndani ya boksi lake.

Fundi wa tatu hapokei simu tangu jana.