Naomba ushauri: pampu ya mafuta ya pikipiki inanyamaza ikipata joto

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada maana hii pikipiki ndo inalisha familia. Ni ya cc 150, ya injekshen (petroli inasukumwa na pampu ya umeme), siyo kabureta. Asubuhi ukiwasha swichi unaisikia pampu inalia ziiii kama sekunde tatu inanyamaza, kawaida kabisa, inawaka. Sasa nikipiga trip mbili tatu juani inazima ghafla, nikirudia swichi kimya, taa za dashibodi zipo, honi inalia, pampu hakuna. Nikiipumzisha kivulini nusu saa inarudi.

Fundi kasema pampu imekufa ninunue mpya. Nikasita, nikaazima mita ya kupimia umeme. Jana ilivyozima nikachomoa soketi ya pampu nikapima huku dogo anawasha swichi, volti 12.3, nikasema moto (umeme) si upo, lakini nilivyoichomeka tena na kupimia kwa nyuma ya waya zikashuka mpaka 7! Nikaunga pampu moja kwa moja kwenye betri ikalia vizuri tu. Fyuzi nzima. Ila kwenye soketi pini moja imekuwa ya kahawia na plastiki pembeni imelainika.

Kwa akili yangu pampu nzima, moto unapotelea njiani, sasa sijui ni rilei (ile swichi ya umeme inayoipa pampu moto), hiyo pini au waya wa ethi (unaorudisha umeme) kwenye chasisi. Nianzie wapi? Na kuna mtu kaniambia niivutie waya toka kwenye swichi moja kwa moja, mi naogopa, maana siku nikianguka si itaendelea kusukuma petroli?