Bandugu naomba ushauri, resepta za homoni zinanichanganya kichwa

Jambo bandugu na badada wa Bukavu na kwingine, niko mwaka wa tatu famasia na egzame iko karibu, hii kozi ya homoni za peptidi (zile zimejengwa na asidi amino) inanimaliza. Kidogo nimeshika: insulini iko na asidi amino 51 kwa minyororo mbili, glukagoni 29 kwa mumoja, zote haziwezi kupita utando wa seli juu ule ni wa mafuta, basi zinabisha hodi kwa resepta (protini ya kupokea homoni) inje na habari njo inaingia ndani. Sawa.

Sasa shida. Resepta ya glukagoni inapita utando mara saba, inaamsha protini G (ya kupitisha habari ndani), AMP ya mviringo (mujumbe wa ndani ya seli) inapanda, ini inaachilia sukari. Ya insulini yenyewe ni kinase ya tirosini (enzaimu ya kupachika fosfati), inajipachika fosfati yenyewe halafu GLUT4, mulango wa sukari, inapanda juu ya seli za misuli na mafuta, sukari inaingia. Kwa karatasi naelewa, lakini ukinipa dawa mupya uniulize inashika wapi, nakwama, narudia kukariri kama wimbo wa kanisa.

Tena mama mukubwa wangu anajidunga insulini kila siku, ananiuliza mbona hawatengenezi vidonge, nikamujibu tumbo lingeimeng'enya kama nyama, akacheka tu.

Wenye mulipita hapa mulisomaje? Nianzie kwa familia za resepta ao kwa homoni moja moja? Na resepta kuchoka homoni ikizidi, nani anaweza kunielezea polepole, hata kwa voisi?