"Viatu vya vipimo" ni usanii mtupu: wanapima mguu, wanashona namba

Wakuu, nina hasira, mtanivumilia.

Niliagiza viatu vya kushonewa kwa vipimo vyangu. Fundi kapima kwa mbwembwe zote: urefu, mzunguko wa pale papana chini ya vidole, mzunguko wa mgongo wa mguu, mpaka kisiginoni. Kila kitu kaandika daftarini. Mguu wangu wa kulia ni mpana kuliko wa kushoto, nikamwonyesha kabisa, akaitikia "nimeona bosi".

Vimekuja. Nimevibandika soli kwa soli: vinalingana kama mtu na kioo chake. Nikabandua ngozi ya ndani, nakuta namba imegongwa: 42. Sasa ile futi kamba ilikuwa ya nini?

Kwa wasiojua, 42 ya Ulaya ni kalibu (lile umbo la mguu ambalo fundi anashonea kiatu juu yake) ya sentimita 28, maana kila namba ni theluthi mbili za sentimita. Basi. Haisemi lolote kuhusu unene. Mwenye mguu mwembamba na mwenye mguu uliojaa juu wote wataitwa 42, na ndiyo sababu mtu anaamua kulipa zaidi ashonewe vyake. Fundi wa kweli anachukua kalibu iliyo karibu na mguu wako, anabandika vipande vya ngozi pale inapopungua, anazungushia futi tena mpaka ilingane na daftari, ndipo anavuta ngozi ya kiatu juu yake. Huyu wangu kavuta ngozi juu ya kalibu ya kila mtu, halafu kanitoza bei ya vipimo!

Nimempigia. "Vaa tu, itaachia." Itaachia nini? Ngozi inaachia kidogo kwa upana, siyo kiasi cha kuufuata mguu ambao hakuukatia tangu mwanzo. Kulia kidole cha mwisho kina lengelenge, kushoto kisigino kinachomoka kila hatua. Kiatu kimoja kiachie, kingine kisinyae?

Na nyie wa kuskani mguu kwa simu msicheke. Kalibu siyo nakala ya mguu. Mbele lazima iachwe nafasi, sentimita moja hivi au zaidi, vidole visigonge ukitembea, na lazima ijulikane kisigino cha kiatu kitakuwa na urefu gani, maana kikipanda umbo lote la kalibu linabadilika. Programu niliyojaribu haikuuliza kisigino kabisa. Tena ilitaka nikae kwenye kiti, wakati mguu ukibeba uzito unarefuka na kutanuka. Kwani viatu navivaa nikiwa nimekaa?

Humu kuna fundi anayetengeneza kalibu mbili, kila mguu na yake? Ajitokeze, nina kazi. Na wewe wa "itaachia", najua unapita humu. Rudisha pesa yangu, viatu njoo uchukue uvivae mwenyewe.