Mazda RX-8, injini ya rota imepoteza kompresheni: niifanyie ovaholi au ninunue nyingine?

Mlalakuwa_R8 (Dar es Salaam):

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Ninamiliki Mazda RX-8 ya mwaka 2005, ile yenye injini ya rota (badala ya pistoni ina rota za pembetatu zinazozunguka), ya gia sita za mkono na nguvu farasi 250, niliyoiagiza kutoka Japani ikiwa imetumika. Dalili zilianza taratibu. Asubuhi gari lilikuwa linawaka bila shida, lakini nikilizima likiwa la moto, kwa mfano kwenye kituo cha mafuta, lilikuwa halikubali kuwaka tena mpaka lipoe au lisukumwe. Baadaye silensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, ikaanza kuyumba na vilima vidogo vikawa vinalishinda. Mwezi uliopita, nikiwa natoka Chalinze usiku, nguvu ziliisha kabisa, na nilipochungulia chini niliona masega ya ekzosi (kichujio cha moshi) yamewiva mekundu. Tangu siku hiyo stata inazungusha injini lakini haiwaki, na mlio wenyewe hauna mpigo ulio sawa. Unasikia puu moja nzito, kisha kama pengo.

Mafundi watatu wamenipa majibu matatu. Wa kwanza anasema nikanunue injini iliyotumika kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani na kuifunga, kazi ya siku mbili. Wa pili anataka kushusha injini, kuifungua na kubadilisha sili zote (vipande vinavyozuia mgandamizo, maji na oili visivuje), yaani ovaholi, kwa seti itakayoagizwa nje, na gharama yake inakaribia ileile ya injini ya mtumba. Wa tatu anasema niachane na rota kabisa, anifungie 1JZ, injini ya pistoni ya Toyota ambayo kila fundi mjini anaijua. Bodi ni safi, giaboksi ni nzima, na sina nia ya kuliuza. Naomba ushauri wa wale waliokwisha kuzifungua injini hizi: nichague njia ipi, na nihakikishe nini kabla sijatoa fedha?

Rota_Kilimani (Nairobi):

Ndugu, kabla hujatoa hata shilingi moja, dai vipimo. Kati ya hao watatu hakuna aliyekutajia namba, na pasipo namba kila mmoja anakuuzia kazi anayoiweza.

Injini yako ina rota mbili na kila rota ina nyuso tatu, kwa hiyo ina vyumba sita vya mgandamizo (kompresheni), na kila kimoja kinatakiwa kisomwe peke yake. Geji ya kawaida ya injini za pistoni ina vali ndogo inayoshikilia kipimo cha juu kabisa, hivyo itakuonyesha uso ulio mzima kuliko yote na kukuficha miwili iliyokufa. Kipo kifaa maalumu cha injini za rota kinachosoma nyuso zote tatu pamoja na kasi ya stata. Kikikosekana, fundi aitoe ile vali na kuitazama sindano ikiruka mara tatutatu. Hatapata namba za kuaminika, lakini ataona kama miruko inalingana.

Kiwango cha Mazda ni kilopaskali (kPa) 830 injini inapozungushwa mara 250 kwa dakika, na ikishuka chini ya 680 imefika kikomo. Tofauti kati ya nyuso za rota moja isizidi kPa 150, na kati ya rota ya mbele na ya nyuma isizidi 100. Betri iwe imejaa, petroli na umeme wa plagi viwe vimekatwa, na mguu uwe umekanyaga pedali ya mafuta mpaka mwisho. Nyinyi mlio usawa wa bahari mna unafuu, kwa sababu huku Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, hewa ina shinikizo dogo kwa karibu moja ya tano, na nimeona injini nzima ikihukumiwa kifo kwa kuwa mpimaji hakuiweka hesabu hiyo.

Usiisahau stata pia. Stata iliyochoka huizungusha injini ya moto polepole mno na kuleta dalili ileile ya kutowaka, ingawa hayo masega mekundu yananiambia kuwa lako limepita hatua hiyo.

Maskati_13B (Omani):

Naunga mkono suala la vipimo. Ninaongeza mambo ambayo hao mafundi watatu wameyaruka.

La kwanza ni chanzo. RX-8 ina koili nne za kuzipa plagi umeme, mbili kwa kila rota, na koili hizo huchoka mapema. Zikidhoofika, petroli isiyoungua hutoka na kwenda kuwakia ndani ya masega. Masega huyeyuka na kuziba, joto hukosa pa kutokea na kurudi kwenye rota, na sili hupoteza nguvu yake. Ukifunga injini yoyote, ya mtumba au iliyofanyiwa ovaholi, juu ya koili zilezile na masega yaleyale, utakuwa umeipeleka kwenye tanuri lililoiua ya kwanza. Isitoshe, mshale wa joto wa gari hili hausemi ukweli: hukaa katikati kwa nyuzi nyingi sana, na ukianza kupanda mambo yamekwisha kuharibika. Huku kwetu, kwa joto la Juni, hakuna anayeuamini. Tunachomeka kisomaji kwenye soketi ya kompyuta ya gari na kusoma joto halisi.

Kuhusu injini ya mtumba, fahamu kwamba injini za RX-8 si za aina moja. Yako ina matundu sita ya kuingizia hewa na inaruhusiwa kufika mizunguko 9,000 kwa dakika. Gari za otomatiki za gia nne zilikuwa na injini ya matundu manne inayoishia 7,500, na kwa muuzaji zote ni "injini ya RX-8". Zile za kuanzia 2009 ziliongezwa tundu la kudungia oili kwenye kila hauzingi (ganda linaloizunguka rota) na pampu yake ikabadilishwa, kwa hiyo hazifungwi moja kwa moja kwenye gari la 2005.

Na hiyo 1JZ? Inawezekana, na hadithi yenyewe si ngeni: NSU Ro 80 ya Ujerumani, ambayo injini zake za rota zilikuwa zikifa mapema, nyingi ziliishia kufungwa injini ya V4 ya Ford. Ila RX-8 ilibuniwa kuizunguka injini fupi na nyepesi iliyokaa chini, nyuma ya ekseli ya mbele, na ndiyo maana uzito wake umegawanyika karibu nusu kwa nusu. Ukiweka silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, pua inakuwa nzito, dashibodi haizungumzi tena na kompyuta ya injini, na kadi ya gari inabidi ibadilishwe namba ya injini na ukubwa wake. Kwa mtu anayependa jinsi gari lake linavyokata kona, mimi sioni faida.

Mlalakuwa_R8:

Nawashukuruni sana. Nimempata fundi mwenye kile kifaa, na amepima mbele ya macho yangu. Baada ya kurekebishwa kwa mizunguko 250, rota ya mbele imetoa 720, 700 na 710. Ya nyuma imetoa 650, 390 na 410. Injini ilikuwa baridi kwa kuwa haiwaki. Maji ya rejeta hayapungui, na sikuwahi kuona moshi mweupe. Je, hii maana yake ni kubadilisha sili za rota ya nyuma tu?

FundiPembetatu (Dar es Salaam):

Mkuu, namba zako zinasema mengi, na swali lako la mwisho nalijibu kwanza: hapana, usitengeneze rota ya nyuma peke yake.

Sili ya ncha, ile iliyo kwenye pembe ya rota, hutenganisha vyumba viwili. Ikivunjika au kukwama, nyuso mbili zinazopakana hushuka pamoja, na ndivyo ilivyo kwako, 390 na 410. Ingekuwa sili ya ubavuni, kwa kawaida uso mmoja ndio ungeanguka. Kwa kuwa maji hayapungui, sili za maji kati ya hauzingi na pleti za ubavuni mwake huenda bado zinashika. Kinachobaki kujulikana ni iwapo sili hiyo imelala tu ndani ya mfereji wake kwa sababu ya kaboni na springi iliyopoteza nguvu, au imekatika. Chomoa plagi zote mbili za nyuma, ingiza kamera ndogo ya waya, na uizungushe injini kwa mkono. Ukiona mikwaruzo inayofuata mzunguko kwenye ukuta wa hauzingi, au kromu imebanduka kama maganda ukingoni, kipande kimetembea humo ndani.

Hapo ndipo ovaholi inapopata au kukosa maana. Kwenye pistoni ungechonga silinda na kuweka ringi za ovasaizi, yaani kubwa kidogo. Hauzingi ya rota haina ovasaizi. Ukuta wake umepakwa kromu, na kromu ikishabanduka unatafuta hauzingi nyingine. Pleti za ubavuni angalau huweza kusagwa na kutiwa ugumu upya, kazi ambayo ni karakana chache sana zinazoiweza. Kwa hiyo ile bei uliyopewa ya seti ya sili ni nusu ya habari, maana sili mpya juu ya ukuta uliochubuka hazitafika mbali. Na rota ya mbele yenye 700 imebakiza kidogo tu kufika kikomo. Ni upotevu kuifungua injini yote kisha uirudishie sili kuukuu.

Injini ya mtumba nayo, kama ilivyo, ina umri sawa na yako. Sili zake zimefanya kazi miaka ileile, na ikiwa imekaa rafuni muda mrefu huenda zimeganda kwenye mifereji. Muuzaji anayekataa isipimwe kompresheni mwache na mzigo wake. Stata hufungwa kwenye giaboksi, kwa hiyo kuipima ikiwa sakafuni kunahitaji kengele ya giaboksi (ganda lake la mbele) na betri. Kazi ni nusu saa, si kisingizio.

Mimi ningefanya hivi. Kamera ikionyesha ukuta safi, shusha injini yako na uifungue: sili zote za rota mbili, springi zake, sili za maji na za oili, zote mpya. Kamera ikionyesha mikwaruzo, nunua injini ya mtumba ya matundu sita iliyopimwa, lakini inunue kwa ajili ya hauzingi na pleti zake. Fungua zote mbili, weka vipande mezani, chagua vilivyo bora na ufunge injini moja yenye sili mpya. Gharama itazidi zote ulizotajiwa, ila ndiyo njia pekee kati ya hizo ambayo ningeiwekea dhamana ya maneno. Koili, plagi na masega vibadilishwe kwa vyovyote vile, na bajeti ikikaza, heri gari lisubiri juu ya mawe kuliko kuviruka.

Usimpe kazi fundi wa pistoni anayetaka kujifunzia kwako. Muulize ana soketi ya milimita 54 ya nati ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) au ataipiga patasi. Muulize pia kuhusu beringi ya sindano iliyopo mbele ya shafti: boliti ya puli ikilegea wakati wa kufunga, beringi hiyo huteleza kutoka mahali pake, na ukija kukaza unaisaga bila kujua. Shafti inatakiwa icheze mbele na nyuma milimita 0.04 hadi 0.07, isizidi 0.09, na hilo hupimwa kwa geji ya saa, yaani geji ya mshale. Alipime ukiwapo, kabla injini haijapandishwa garini.