Mshahara wa Arusha na nyumba ya bei nafuu Nairobi

Mama Baraka, Njiro
Wapendwa Wakenya wenzangu wa Arusha, shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo. Jumatatu nilipanda basi la alfajiri, nikavuka Namanga na kufika Nairobi kabla ya saa sita, kwa nia ya kukamilisha ombi langu la nyumba ya bei nafuu ya serikali ya Kenya. Kitambulisho ninacho, PIN ya KRA, yaani namba ya mlipakodi, ninayo, akaunti ya Boma Yangu, mtandao wa serikali wa kuombea nyumba hizo, nilishafungua na akiba ya amana imo. Katika ofisi moja ambayo sitaitaja, karani aliigeuzageuza barua ya mwajiri wangu wa hapa, akaitazama taarifa ya benki iliyoandikwa kwa shilingi za Tanzania, kisha akasema kwamba bila hati ya mshahara inayoonyesha makato ya asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba wa Kenya hawezi kujua niko daraja gani la kipato. Je, kuna aliyekubaliwa kwa mshahara wa Arusha, na alipeleka karatasi gani?

Mwalimu, Sakina
Pole sana, Mama Baraka. Mimi nilianza kukatwa ushuru huo Julai 2023 nikiwa bado nafundisha Kajiado. Novemba Mahakama Kuu ikasema makato hayo yanakiuka Katiba, Machi 2024 ikaja sheria mpya iliyoyarudisha, nikakatwa tena hadi nilipohamia huku, na sina hata chumba. Anayepata chini ya shilingi 20,000 za Kenya kwa mwezi huwekwa kwenye nyumba za kijamii, wa 20,000 hadi 149,000 kwenye nyumba za bei nafuu, na anayezidi hapo kwenye zile za kipato cha kati. Sasa sisi tunaolipwa kwa shilingi ya huku, thamani ikiyumba kidogo mtu amehama daraja akiwa amelala. Heri warudishe fedha zetu, kila mtu ajinunulie.

Mzee wa Kijenge
Mwalimu, kwa heshima, unachanganya mambo. Ushuru ule si akiba yako, na ruzuku ya serikali haiji mkononi mwa mnunuzi. Imo katika ardhi ya umma ambayo mjenzi hainunui.  Imo katika ushuru wa stempu anaosamehewa mnunuzi wa nyumba ya kwanza, na katika mikopo, kwa kuwa KMRC, kampuni ya Kenya inayofadhili mikopo ya nyumba, huzikopesha benki na sacco kwa riba ndogo ili nazo zikukopeshe kwa riba isiyofika asilimia 10. Ndiyo sababu sheria ya 2024 inampa mtu nyumba moja tu, na inamkataza kuiuza bila idhini ya Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu. Someni kabla ya kulalamika.

Dada wa Ngaramtoni
Mzee, tumesoma. Kila nikipita Mateves naziona nyumba za Safari City za NHC, shirika la nyumba la taifa la Tanzania, najiuliza Nairobi nafuata nini, kisha nakumbuka kwamba Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Kwa hiyo hapa mimi ni mpangaji, na kule ni mwombaji. Mama yangu, aliye Kitui, hataki hata kusikia habari za ghorofa: anauliza kuku nitawafuga kwenye roshani, na jeneza litashukaje ngazi. Ukimweleza riba ya KMRC, anakuuliza tena habari za kuku.

Mzee wa Kijenge
Mwambie mama kwamba majengo marefu huwa na lifti.

Dada wa Ngaramtoni
Na umeme ukikatika, Mzee?

Mama Baraka, Njiro
Nawashukuru nyote. Madaraja nayajua, na sheria nimeisoma mara mbili ndani ya basi. Nilichouliza ni karatasi.

Mwalimu, Sakina
Mama Baraka, hata mimi ningependa kujua. Ukirudi kwa yule karani, tafadhali niulizie kama miezi niliyokatwa inahesabiwa.