Trauti wa Thego wamemkataa nzi bandia wakati wadudu wanaibuka

Mkazi wa Kasarani: Hamjambo wenzangu. Jumamosi iliyopita niliondoka Nairobi alfajiri kwenda kuvua katika mto Thego, Nyeri. Mnamo saa kumi jioni walianza kuibuka majini wadudu wadogo wa rangi ya zeituni, wale meiflai wanaosimamisha mabawa kama tanga la mashua, na samaki aina ya trauti wakawa wanapasua maji kila upande. Nilitupa nzi bandia, yaani chambo cha manyoya kinachoiga mdudu, wa rangi ileile, aliyefungwa kwenye ndoana namba 12, kwa saa nzima bila kuguswa. Nilikosea wapi, ilhali rangi niliilinganisha na mdudu aliyekuwa kiganjani mwangu?

Mzee wa Gura: Kijana wangu, rangi ndiyo ya mwisho kutazamwa. Mdudu huyo huishi chini ya mawe akiwa tunutu, kisha hupanda juu, ngozi yake ikapasuka kwenye uso wa maji, akatoka na mabawa yaliyofifia. Baadaye hujivua ngozi mara nyingine, jambo ambalo hakuna mdudu mwingine wa leo hulifanya akiwa tayari na mabawa, ndipo hutaga mayai na kuanguka mfu, mabawa yamelala wazi juu ya maji. Samaki anaweza kushikilia hatua moja tu kati ya hizo. Je, uliona pua zao au migongo? Pua ikitokeza, anakula walio juu. Ukiona mgongo na pezi pekee, anawadaka wanaojinasua chini kidogo ya uso wa maji, na nzi wako anayeelea juu hana maana kwake.

Fundi wa nzi bandia: Naongeza suala la ukubwa. Namba ya ndoana ikipanda, ndoana hupungua, kwa hiyo 12 ni kubwa mno kwa mdudu mdogo; jaribu 16 au hata 18. Mlaze mdudu kando ya shina la ndoana, upime mwili bila mkia. Halafu kata kwa makasi manyoya ya upande wa chini ili nzi alale ndani ya maji badala ya kusimama juu yake, na usiruhusu mshipi umburute.

Msomaji wa Ngong: Tusifuate kalenda za Uingereza zinazotaja mdudu gani huibuka mwezi gani. Trauti waliletwa mto Gura kutoka Uskoti mwaka 1905, lakini wadudu ni wa hapa, na karibu na ikweta huibuka kidogo kidogo karibu mwaka mzima. Pindua mawe kabla ya kuchagua nzi.

Mkazi wa Kasarani: Ahsanteni sana. Nikikumbuka vizuri, niliona migongo tu, wala sikuona pua hata moja. Fundi, naomba unifungie sita wa namba 16, manyoya ya chini yakiwa yamekatwa, kabla ya Ijumaa.