Ushauri: Big (1988) kwa watoto na wazazi Mikindani, itashika? Na itafsiriwe vipi?

Msimbati24:
Wakuu, habari za jioni. Likizo hii ya Juni kuna mpango wa kuonyesha filamu moja usiku kwenye uwanja wa wazi Mikindani, watoto wa darasa la tano hadi la saba wakiwa na wazazi wao. Iliyopendekezwa ni Big ya 1988, ile ya Tom Hanks: mtoto wa miaka 12, Josh, anaomba awe mkubwa, asubuhi anaamka na mwili wa mwanaume mzima. Kiingereza cha mle wengi hawatakishika, kwa hiyo atakuwepo mtafsiri na maiki, kama kwenye vibanda umiza. Naomba maoni ya walioitazama kwa makini. Bado inachekesha? Inapwaya wapi? Na yale mambo ya Josh na dada wa ofisini tuyapitishe vipi mbele ya watoto? Projekta ipo, sabufa ipo, jenereta ya akiba ipo.

Nachingwea_Kwetu:
Mkuu, itashika. Kati ya 1987 na 1988 Marekani ilitoa filamu kadhaa zenye wazo hilohilo, Like Father Like Son, Vice Versa, 18 Again!, na nyingi leo hazitajwi. Big imebaki kwa sababu ya namna Hanks anavyocheza. Mwongozaji Penny Marshall alimtaka David Moscow, kijana aliyecheza Josh mdogo, aigize kwanza vipande vya Josh mkubwa, vikarekodiwa, Hanks akavitazama na kuchukua mwendo wake. Ndiyo maana humwoni mtu mzima anayebana sauti ili aonekane mtoto. Mtazame miguu na mikono: anavyokaa kitini, anavyokimbia, anavyomkodolea macho mtu anayezungumza jambo asilolielewa. Hayo hayahitaji Kiingereza.

Tafsiri sasa ndiyo itakayoibeba au kuiua. Neno la kwanza la kuamua ni lile la ombi. Josh ameaibika mbele ya msichana kwa kuwa hajafikia kipimo cha kimo cha kupandia bembea kubwa ya viwanjani, anakwenda kwenye mashine ya mpiga ramli anaomba awe "big". Mtafsiri asiseme "natamani niwe mtu mzima". Aseme "natamani niwe mkubwa". Hapa Kiswahili kinafanya kazi vizuri kuliko lugha yenyewe ya filamu: mkubwa wa kimo, mkubwa wa umri, na mkubwa wa kazini. Josh anaomba la kwanza, anapewa la pili, ofisini anaangukia la tatu. Neno hilohilo lirudi pale anapopandishwa cheo, na lirudi tena mwishoni anapoomba arudishwe alivyokuwa. Watoto wataunganisha wenyewe.

Cheo chenyewe kisitafsiriwe "makamu wa rais". Wazazi watafikiria Dodoma. Sema "mkurugenzi wa kubuni vitu vya kuchezea", inatosha.

Kwenye karamu ya ofisi kuna vichekesho viwili vya chakula. Cha kwanza, Josh anakitafuna kihindi kichanga kwa kukizungusha kama hindi la kuchoma. Watu wa huku wataona ni sawa kabisa, maana hindi huliwa hivyo. Mtafsiri atangulie na maneno manne: "Kile huliwa chote, jamani." Cha pili, anatema mayai ya samaki. Mikindani mayai ya samaki ni kitoweo, hawatajua anatema nini. Aseme ni mabichi, yametiwa chumvi tu. Maelezo yawahi kabla Josh hajafikisha mkono mdomoni. Ukieleza baada ya kicheko, kicheko hakirudi.

Hundi ya kwanza ya mshahara ni dola 187 na senti 30, naye benki anaomba noti moja ya mia, noti 87 za dola moja moja, na sarafu tatu za senti kumi. Taja hesabu yote bila kuifupisha, kwa kuwa uchekeshaji uko kwenye ile 87.

Na kile kiwimbo anachoimba kumthibitishia rafiki yake Billy kwamba yeye ni Josh, msikitafsiri hata neno moja. Hakina maana, ni siri ya watoto wawili. Acheni sauti ya asili, mtafsiri anyamaze.

Fundi_Sabufa_Lindi:
Nachingwea kamaliza ya maneno, mimi niongeze ya vyombo.

Angalia urefu wa faili kabla ya yote. Toleo lililotoka kwenye majumba ya sinema ni dakika 104. Lipo jingine refu, kama dakika 130, na hilo lina mazungumzo mengi ya ofisini ambayo kwa mtafsiri wa maiki ni mzigo. Chukua la 104. Juni Magharibi inaingia mapema, jua linazama kwenye saa kumi na mbili jioni. Mkianza saa 1:30 usiku, watu wakishaswali Isha, mtamaliza kama saa 3:15, na mkiweka mapumziko mafupi, saa tatu na nusu.

Juni pia ndiyo kusi linavuma. Shuka lisilofungwa chini litajaa upepo kama tanga, picha itapanda na kushuka. Nunua kitambaa cha marekani nyeupe nzito, shona pindo pande zote nne, kwenye pindo la chini pitisha bomba la plastiki mlilolijaza mchanga na kuliziba, kisha funga kamba kila nusu mita. Kitambaa kiupe kisogo upepo, mgongo wake uelekee kusini. Picha ya Big ni 1.85 kwa 1, kwa hiyo upana wa mita 3 unakupa kimo cha mita 1.6 na ushee. Projekta yenye uwiano wa 1.5 (umbali kwa upana wa picha) ikae mita 4.5 kutoka kitambaani. Kingo ya chini ya picha iwe mita 1.2 juu ya ardhi, maana watoto mkekani hawatulii. Lumeni 3,000 zinatosha mkikaa mbali na taa ya barabarani.

Sauti ndipo wengi wanapoharibu. Sabufa ikifunguliwa yote inafunika maneno, na hii si filamu ya mabomu. Shusha besi hadi robo, pandisha sauti za kati. Maiki iingie kwenye njia yake peke yake ya mikisa, na mtu mmoja ashike sauti ya filamu tu: mtafsiri akianza kusema anaishusha hadi theluthi, akinyamaza anairudisha. Mtafsiri mwenyewe asifanye kazi hiyo, atachelewa.

Jenereta iwekwe kaskazini mwa watazamaji, mita 25 au 30, ili kusi lipeleke kelele na moshi mbali. Umeme ukikatika na projekta yenu ni ya taa ya kawaida, msiiwashe papo hapo. Taa inakuwa ya moto na feni imesimama, isubirini ipoe dakika 5 hadi 10, vinginevyo haiwaki au inakufa. Betri ya akiba ya kompyuta inawapa muda wa kuizima kwa utaratibu.

Lakini maiki ikae kimya kabisa kwenye piano ya sakafuni. Josh na mzee MacMillan, mwenye kiwanda cha vitu vya kuchezea anakofanyia kazi Josh, wako dukani, FAO Schwarz ya New York, wanacheza Heart and Soul kisha Chopsticks kwa miguu. Hanks na Robert Loggia, aliyeigiza MacMillan, walicheza wenyewe. Hapo rudisha besi kidogo na uache uwanja usikie kila kibao.

Mama_wa_Newala:
Mwanangu Msimbati, swali lako la yule dada ndilo zito, na wenzangu wamelipita.

Susan, yule dada wa ofisini, hajui kwamba Josh ni mtoto. Hilo lisemwe wazi na mtafsiri mapema, maana wazazi wakidhani anajua, watamchukia na filamu yote itaharibika. Yeye anamwona mwanaume asiye na hila katika ofisi iliyojaa hila. Anayejua ni Josh, na Josh ndiyo kwanza ametimiza miaka 13. Kwa mtazamaji wa leo hapo ndipo filamu inapokwama kooni, wala si kwa wazazi wa Kusini tu.

Kwa vitendo: mara ya kwanza Susan anapokwenda kulala kwa Josh, hakuna tatizo. Ni kitanda cha ghorofa na ile kauli ya Josh kwamba yeye analala juu. Semeni "mimi nalala juu!" bila kuongeza neno "kitanda". Wazazi watacheka kwa lao, watoto kwa lao. Kinachopaswa kurukwa ni baadaye, usiku wanaotoka kucheza muziki kwenye viwanja vya bembea. Susan anaanza kufungua vifungo, Josh anawasha taa. Hakuna uchi, lakini kwa darasa la tano haifai. Rukeni kuanzia wanapoingia nyumbani hadi asubuhi yake.

Ila msiruke asubuhi yenyewe. Josh anaingia ofisini anatabasamu, anaagiza kahawa. Kuanzia hapo anabadilika: suti, mikutano, hana muda na Billy, hata ile orodha ya mahali zilipo mashine za ramli, anayoitafuta ili arudi alivyokuwa, haimshughulishi tena kama mwanzo. Mkikata na kahawa, watoto hawataelewa kwa nini Billy amekasirika. Katika ugomvi huo pana neno chafu la Kiingereza, mtafsiri alifunike kwa kuanza kusema mapema kidogo.

Jingine ni mama yake Josh. Mwanzoni anamfukuza kwa kisu akidhani ni mwizi aliyemteka mwanawe. Watoto watacheka, kina mama hawatacheka, na msiwalazimishe. Baadaye Josh anampigia simu, mama anataka ushahidi kwamba mwanawe yu hai, na Josh anarudi na wimbo ambao mama alizoea kumwimbia. Hapo mtafsiri ashushe sauti, asitie mzaha wa aina yoyote. Ni kipande kifupi, na ndicho kinachofanya mtazamaji aache kutamani Josh abaki mkubwa.

Msimbati24:
Shikamoo Mama wa Newala, na ahsanteni wakuu wote. Mmenisaidia mno. Moja limebaki: kuna mzazi ameshasema ile mashine ni uchawi, watoto wasionyeshwe. Nijibu nini? Na wavulana wengi wa rika hilo wanaingia jandoni likizo hiyohiyo.

Somo_Ruangwa:
Mwanangu, kwanza ratiba. Shule zikifungwa Juni ngoma zinaanza, kwa hiyo uliza mapema ni Jumamosi ipi haina ngoma mtaani. Ukigongana nayo utaonyesha filamu kwa viti.

Kuhusu mashine, mwambie mzazi kwamba filamu haimsifu mpiga ramli. Zoltar, yule mpiga ramli wa mashine, anatoa kadi tu yenye maneno kuwa ombi limekubaliwa, na Josh akitazama nyuma anaona waya haujachomekwa. Usiku wa giza wengi hawatauona waya, picha ni ya haraka. Mtafsiri aseme "tazameni waya" na asimame hapo. Asieleze. Mwishoni Josh anauchomoa yeye mwenyewe kabla ya kuomba arudi, na aliyeuona mwanzoni ataelewa kwa nini.

La jando ndilo linalonifanya nione filamu hii inawafaa watu wa Mtwara na Lindi kuliko wengi wanavyodhani. Huku kwetu hakuna anayehesabu ukubwa kwa kimo wala ndevu. Kijana mwenye mwili mkubwa ambaye hajaingia kumbini bado ni mtoto, na mfupi aliyetoka huko anasalimiwa kwa heshima. Wazazi wataitazama kwa macho hayo bila kuambiwa: mwili umetangulia, mafunzo hayapo, hana somo, hana mlezi wa kumkalisha chini. Usiku wake wa kwanza New York, katika hoteli chakavu, anasikia milio ya risasi nje na analia peke yake kitandani. Hapo uwanja utanyamaza.

Tena tazama kile kiwimbo cha Nachingwea. Kwetu nyimbo za siri humtambulisha mtu kwamba ameshavuka. Josh anatumia wimbo wa siri kuthibitisha kwamba bado hajavuka. Yanayofundishwa kumbini hayaandikwi hapa, lakini mzazi yeyote atalishika hilo.

Ng'apa_Juu:
Kwa heshima zote kwa wakubwa, mimi darasa la tano siafiki. Hata mkiruka usiku ule, wanabusiana, na mtoto wa miaka 11 anajua mle ndani ni mwenzake. Anzieni darasa la saba. Na pitieni kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri kabla ya kubandika tangazo, maonyesho ya hadhara yana taratibu zake.

Mama_wa_Newala:
Ng'apa, la ruhusa umesema kweli. La umri, kama wazazi wamekaa mkekani na watoto wao, mimi nakubali darasa la sita kwenda juu. La tano waachwe. Na kipande cha mwisho kisikatwe kwa haraka ya kufunga vyombo: Susan anamfikisha nyumbani kwa gari, hakubali kurudi utotoni pamoja naye, kwa kuwa yeye alishaupitia na hautaki tena. Josh anatembea kuelekea mlangoni, na suti inamning'inia mwilini. Watu watainuka mapema wakidhani imeisha. Mtafsiri awaombe wakae.

Nachingwea_Kwetu:
Naunga mkono. Nyongeza moja kwa mtafsiri: aitazame mara mbili kabla ya siku. Ya kwanza akiwa na kalamu, aandike kila mahali atakaponyamaza. Ya pili afunge sauti kabisa na aitafsiri yote kwa mdomo mbele ya mtu mmoja asiyeijua. Huyo akiuliza "yule ni nani tena?", hapo ndipo pa kuongeza jina. Paul, mpinzani wa Josh ofisini, na MacMillan ndio watakaochanganywa kwanza, wote ni wazungu wenye tai. Amwite MacMillan "mwenye kiwanda" na Paul "hasimu" tangu wanapoonekana mara ya kwanza.

Msimbati24:
Imeandikwa yote. Darasa la sita kwenda juu, toleo la dakika 104. Kesho asubuhi naenda halmashauri, nikitoka hapo napitia sokoni kutafuta marekani. Fundi, mita ngapi za kitambaa nikiacha na pindo?

Fundi_Sabufa_Lindi:
Kikiwa na upana wa mita 1.5, chukua mita 7. Kata vipande viwili vya mita 3.5, viunge kwa mshono mmoja wa kulala ili uwe katikati ya picha, siyo wima. Ukiwa wima utapita usoni kwa Josh filamu nzima.